Édouard Michelin na Mpira wa Upepo

Édouard Michelin alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1859. Ujanani alijifunza kuchora picha, wala hakufikiri kwamba atakuja kuwa mwenye kiwanda. Lakini mwaka 1889 kiwanda cha mpira cha jamaa zake, katika mji wa Clermont-Ferrand, kilikuwa karibu kufilisika, naye akaitwa kukiokoa. Akaacha rangi zake, akaenda.

Mwaka 1891 mpanda baiskeli mmoja alifika kiwandani na mpira uliopasuka. Siku hizo mpira wa upepo uligandishwa kwa gundi juu ya gurudumu. Kuutengeneza kulichukua saa nyingi, na gundi ilitaka usiku mzima ikauke. Édouard akabuni mpira wa kuvuliwa na kuvikwa tena upesi. Ili watu wauamini, aliutia mashindanoni. Mwaka huo huo Charles Terront aliutumia katika mbio za baiskeli kutoka Paris mpaka Brest na kurudi, kilomita 1,200 hivi, akashinda.

Sasa ikabaki motokaa. Wengi walidhani kuwa hewa haiwezi kubeba chombo kizito namna ile. Mwaka 1895 yalifanywa mashindano ya Paris mpaka Bordeaux na kurudi. Kwa kuwa watengenezaji wa motokaa hawakukubali kutumia mipira yake, Édouard na kaka yake André walitayarisha motokaa yao wenyewe, wakaiita Éclair, maana yake Umeme, wakaiendesha. Walipata pancha nyingi mno, wakafika nyuma sana. Lakini walifika, na watu wakaona kwamba jambo lile lawezekana.

Mwaka 1906, katika Grand Prix ya kwanza ya Ufaransa huko Le Mans, Ferenc Szisz alishinda kwa motokaa ya Renault yenye ringi za Michelin za kufunguliwa. Yeye alibadili ringi kwa dakika chache, na wengine walikuwa wakikata mipira yao kwa visu juani.

Édouard alifiwa na wanawe wawili, Étienne mwaka 1932 na Pierre mwaka 1937, naye akafa mwaka 1940. Hata leo makampuni ya matairi hutoa fedha nyingi mashindanoni, maana mbio za siku moja hufichua kasoro ambayo safari za kawaida zingeificha miezi mingi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.