Maisha ya Louis Braille

Louis Braille alizaliwa Coupvray, Ufaransa, mwaka 1809. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa msharasi. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, akawa kipofu. Wazazi wake hawakumficha nyumbani. Walishauriana na padre wa kijiji, naye padre akasema na mwalimu, hata Louis akapokewa darasani pamoja na watoto wenye kuona. Mwaka 1819 alipelekwa shule ya vipofu mjini Paris, na huko mwaka 1824 akabuni maandishi ya nukta sita. Alifariki mwaka 1852.

Mimi naona wazazi wetu wasingojee kuitwa kwa makosa yetu. Waje mapema wawaeleze walimu shida zetu, maana mwalimu hawezi kumsaidia mtoto katika jambo asiloambiwa.