Herschel, Mgunduzi wa Joto Lisiloonekana

Hapa Sindo, ufuoni mwa Ziwa Victoria, wavuvi wa omena hukesha wakivuta nyavu, na kukipambazuka migongo imekaza. Wengi nimewaona wakijikanda kwa kitambaa cha maji moto. Siku hizi kuna pia taa za infraredi za kutuliza maumivu. Kabla hujainunua, msomaji mpenzi, ngoja nikusimulie habari za aliyegundua miale hiyo.

William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738. Babake alikuwa mpiga zumari wa bendi ya jeshi, naye akafuata nyayo hizo. Mwaka wa 1757 alihamia Uingereza. Mjini Bath alipiga kinanda kanisani na kufundisha muziki. Usiku akitazama nyota kwa darubini alizojiundia, akisaidiwa na dadake, Caroline. Mwaka wa 1781 aliigundua sayari ya Uranus. Mfalme akamwekea mshahara, naye akaacha kazi ya muziki.

Mwaka wa 1800, akichunguza jua kupitia vioo vya rangi, alishangaa kuona vingine vinapitisha joto jingi na mwanga kidogo. Akapitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukatawanyika kama upinde wa mvua. Akapima joto la kila rangi. Liliongezeka kutoka zambarau hadi nyekundu. Alipoweka kipimajoto kando ya nyekundu, pasipoonekana mwanga wowote, joto likazidi hata zaidi! Hiyo ndiyo miale ya infraredi, ile ile inayotupasha tukikaa karibu na jiko la makaa.

Herschel hakuwa tabibu, na alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822. Waliomfuata ndio walioligeuza joto hilo kuwa tiba. Ngozi ikipata joto, mishipa ya damu hupanuka, misuli hulegea na maumivu hupungua kwa muda.

Lakini kutuliza si kuponya. Taa hiyo haiondoi malaria, kisukari wala saratani. Tena mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni aweza kuungua asijue. Maumivu yasiyokwisha yapelekwe kwa daktari.

Herschel hakuridhika na kuhisi tu, alipima. Nasi tukiambiwa taa fulani inaponya kila ugonjwa, naona ni haki yetu kuuliza: nani aliyepima, na alipata nini?