Andrew Foster: kiziwi aliyejenga shule Afrika kwa fedha za kuomba

Mtoto asiyesikia akizaliwa Mwamanyili au kijiji kingine cha Simiyu, wazazi huuliza kwanza habari za dawa. Swali la shule huja baadaye, likiwa na gharama zake: nauli, bweni, na mwalimu anayejua lugha ya alama. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyehangaika na gharama hizo hadi siku aliyokufa.

Andrew Foster alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe. Alipokuwa na miaka 11, yeye na ndugu yake waliugua homa ya uti wa mgongo, wote wawili wakawa viziwi. Wakati huo watoto viziwi wa Kizungu walikuwa na shule yao na watoto weusi yao. Ile ya weusi iliishia darasa la sita. Huko bajeti haikukatwa. Haikutolewa tangu mwanzo.

Foster hakukubali kuishia hapo. Alihamia jimbo la Michigan, akawa anafanya kazi na kusoma kwa njia ya posta hadi akamaliza sekondari. Kisha aliomba nafasi Gallaudet, chuo cha viziwi mjini Washington kilichoanzishwa mwaka 1864 na kinachopata fedha nyingi kutoka serikali ya Marekani. Alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1951 chuo kilimpokea na kumlipia masomo, na mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada pale.

Mwaka 1957, Ghana ikiwa imetoka kupata uhuru, Foster alifika Accra. Hapakuwa na shule ya viziwi nchini humo. Aliazima darasa la shule ya kawaida, akawa anafundisha wanafunzi wenye kusikia wakishaondoka. Baadaye alifungua shule Nigeria, na hatimaye zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Mkewe, Berta, Mjerumani ambaye naye alikuwa kiziwi, alishirikiana naye katika kazi hiyo.

Fedha zilitoka wapi? Aliziomba. Kila mwaka alitumia miezi kadhaa akizunguka Marekani, kanisa hadi kanisa, akieleza habari za watoto aliowaacha Afrika, kisha akarudi na kile alichopata. Aliwafundisha viziwi wenyewe kuwa walimu, na alitaka serikali zizichukue shule hizo, kwa kuwa alijua mfuko wa mtu mmoja hautoshi. Baadhi zilichukuliwa, kama ile ya Mampong nchini Ghana.

Tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo iliyokuwa ikimpeleka Kenya ilianguka Rwanda, eneo la Gisenyi. Alikuwa na miaka 62. Miaka mitano baadaye Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Desemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Tarehe zilikutana tu.

Historia ya Tanzania inafanana na hiyo. Shule ya kwanza ya viziwi, ile ya Tabora, ilianzishwa mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Serikali ilikuja kuongeza mkono wake. Tangu hapo tumeona jinsi fedha zinavyoweza kukoma. Aprili 2023 serikali ilisitisha mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo ndani yake asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ilirudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Januari 2025 Marekani nayo ilisimamisha misaada yake ya nje.

Fundi cherehani mwenye ulemavu aliyecheleweshewa mkopo ameumia, ila anaweza kuupata mwaka unaofuata. Mtoto kiziwi hana nafasi hiyo. Lugha hushika vizuri zaidi katika miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto akiikosa lugha ya alama hadi akafika miaka 10, hakuna bajeti itakayomrudishia miaka hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usisubiri afike Foster mwingine. Ukiona mtoto hageuki unapomwita, mpeleke kituo cha afya mapema, kisha mwone afisa ustawi wa jamii. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Muulizeni mtendaji na diwani: watoto viziwi wa kata hii ni wangapi, wanasoma wapi, na fedha zilizotengwa kwa ajili yao zimetolewa kiasi gani? Fedha zilizotengwa na zilizotolewa si kitu kimoja, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.