Kazadi, mulinda-goli wa Englebert: tumuhesabie sawa

Mu Lubumbashi, ukitaja Kombe ya Dunia ya 1974, mutu atakujibia paka namba moja: tisa. Yugoslavia tisa, Zaïre zero. Hata mutoto mwenye baba yake alikuwa hajazaliwa ile siku anaijua. Na ukiuliza nani alikuwa mu goli, bengi banasema Kazadi, kisha banatikisa kichwa.

Lelo tunasimulia maisha ya Kazadi Mwamba, mulinda-goli wa Tout-Puissant Englebert, ile ekipe yenye tunaita sasa Mazembe. Hatutaki kumusifu bure. Tunataka kuweka hesabu yake sawa. Mutumikaji wa ku mine anaelewa hii neno: tani zako zikiandikwa mubaya ku karatasi, ni wewe utalala njaa, hata kama mikono yako ilitumika muzuri.

Alizaliwa mu mwaka 1947, na kwanza bantu balimujua na jina ya Robert Kazadi. Zile siku muji wetu uliitwa Élisabethville, na mukubwa wa kazi alikuwa Union Minière: shemeni ilitoa moshi usiku na muchana, na kando yake mulima mweusi wa taka za shaba uliendelea kupanda. Ekipe mbili njo zilikuwa zinagawanya muji, na mpaka lelo zinaweza kugawanya nyumba moja, baba huku, mama kule. Saint-Éloi Lupopo ilikuwa ya bantu ba reli. Ile ingine ilianzishwa mu 1939 na mapadri ba Benedictins, ikaitwa kwanza Saint-Georges, na kisha ikabeba jina ya Englebert, kampuni yenye ilikuwa inatengeneza mapine ya motokari. Nyuma ya kumaliza shampiona moja bila kushindwa hata mara moja, balijiongezea jina ya Tout-Puissant, ni kusema mwenye nguvu zote.

Kazadi alikomaa mu wakati mugumu. Uhuru ilifika mu 1960, Katanga ikajitenga, vita ikaingia, askari ba ONU bakaja, na ile mambo ikaisha paka mu mwanzo wa 1963. Bantu balichoka na habari ya bunduki. Balikuwa na njaa ya kusikia kitu kingine. Mu 1966 Englebert ikabapatia: ikakamata shampiona ya inchi nzima, Kombe ya Congo, na Kombe ya Katanga, zote tatu mu mwaka moja. Vile njo mulango wa Afrika ulifunguka.

Tarehe 1 Januari 1967, mali ya Union Minière iliingia mu mikono ya Serikali, na kampuni mupya, Gécomin, ikazaliwa. Njo mama ya Gécamines. Mu ule mwaka yenyewe, wakati batumikaji balikuwa bangali banajiuliza bakubwa bapya batakuwa namna gani, Englebert ilikuwa inatafuta Kombe ya Klabu Bingwa ya Afrika. Ile kombe ilikuwa changa: mbele yao, ekipe mbili tu ndizo zilikuwa zimeikamata, Oryx ya Douala na Stade d'Abidjan. Pierre Kalala njo alikuwa anafunga mbele. Nyuma, Kazadi, kijana wa myaka 20, alikuwa anafunga mulango.

Kazi ya mulinda-goli iko sawa na kazi ya mutu wa pompe kule chini ya mine. Siku pompe inatembea muzuri, maji haionekane, na hakuna mwenye anauliza jina ya ule mutu. Siku maji inaingia, bote banamujua.

Mu final ya 1967 balikutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mu Novemba, kule Kumasi kwa benyewe Kotoko, ilikuwa 1-1. Kisha, mu Kinshasa, ilikuwa 2-2. Hakuna mwenye alishinda. Machi ya tatu ikapangwa Yaoundé, mu Cameroun, tarehe 27 Desemba 1967. Englebert ikafika. Kotoko haikufika, juu ile habari ya machi haikupelekwa kwao na shirikisho ya mupira ya Ghana. Vile njo Kombe ya Afrika iliingia Lubumbashi. Batu ba wivu balisema ni kombe ya karatasi. Lakini mwenye alitoka Kumasi bila kushindwa, na akafika Yaoundé siku yenye aliitwa, alifanya kazi yake. Mutumikaji mwenye anafika ku kazi saa yake hawezi kulaumiwa juu ya mwenye hakufika.

Kazadi hakupata hata mwezi moja ya kupumzika. Mu Januari 1968 alikuwa Éthiopie na ekipe ya inchi, mu Kombe ya Afrika ya Mataifa. Kule Asmara, Congo-Kinshasa ilipiga Congo-Brazzaville 3-0, ikashindwa na Ghana 2-1, ikapiga Sénégal 2-1. Mu nusu-final ikapiga benyewe Éthiopie 3-2 nyuma ya dakika za kuongeza, mbele ya bantu babo. Tarehe 21 Januari, mu final kule Addis Ababa, balirudilia Ghana yenye ilikuwa imekamata ile kombe mara mbili za mwisho. Kalala alifunga goli moja. Kazadi akaichunga mpaka filimbi ya mwisho. Congo 1, Ghana 0.

Tuhesabu siku: kutoka 27 Desemba mpaka 21 Januari ni siku 25. Mu siku 25, ule kijana alikuwa bingwa wa Afrika na klabu yake, na bingwa wa Afrika na inchi yake. Na bakubwa ba mupira balimuchagua yeye, mulinda-goli, kuwa muchezaji mukubwa kupita bote ba ile Kombe. Ile heshima, kawaida banapatiaka mwenye kufunga magoli, hapana mwenye kuyazuia.

Englebert ikarudilia ile njia. Mu final ya 1968, yenye ilichezewa mu Machi 1969, ilipiga Étoile Filante ya Lomé 5-0 mu Kinshasa. Kule Lomé mambo ilikuwa ngumu, bakashindwa 4-1, lakini hesabu ya machi mbili ilikuwa 6-4. Mbele yao hakuna klabu yenye ilikuwa imekamata ile kombe mara mbili za kufuatana. Kisha balifika final ingine mbili: ya 1969 balishindwa na Ismaily ya Misri, na ya 1970 Kotoko ikarudi kulipiza, ikashinda 2-1 mu Kinshasa. Final ine mu myaka ine. Ekipe ya muji wa shaba ilikuwa sawa gari-moshi yenye haisimamake.

Mu wakati wa Zaïre, majina ilibadilika. Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba, Englebert ikawa Mazembe. Mu Machi 1974, kule Misri, Zaïre ikakamata tena Kombe ya Afrika: final ya kwanza na Zambia iliisha 2-2, bakairudilia, Zaïre ikashinda 2-0. Ndaye Mulamba alifunga zote ine. Kazadi alikuwa pale tena, myaka sita nyuma ya Addis Ababa. Mbele ya ile, mu Desemba 1973, balikuwa bamepiga Maroc 3-0 mu Kinshasa na kuwa ekipe ya kwanza ya Afrika ya bantu beusi kuingia Kombe ya Dunia. Mobutu alibapatia manyumba na motokari za Volkswagen.

Sasa tufike Ujerumani, na tuhesabu pole pole.

Tarehe 14 Juni 1974, mu Dortmund, Scotland ilipiga Zaïre 2-0. Haikuwa haya. Lakini nyuma ya ile machi, bachezaji balisikia feza yenye balihaidiwa haitafika. Bakubwa benye balisafiri nabo balikuwa bengi, na feza ilikuwa imepotelea njiani. Balitaka hata kukataa kucheza. Batumikaji benye balisha kungojea mushahara myezi na myezi banaelewa namna mwili unakuwa muzito ile siku.

Tarehe 18 Juni, mu Gelsenkirchen, balicheza na Yugoslavia. Mu dakika 18, ilikuwa tatu. Kisha kukafanyika kitu chenye bantu banaulizana mpaka lelo: mbele ya nusu-saa kupita, mukufunzi Vidinić alimutosha Kazadi na kumuingiza Tubilandu. Kazadi hakuumia. Goli ya ine ikaingia pale pale, na Ndaye akafukuzwa na mwamuzi juu ya kosa yenye hakufanya. Balibaki bachezaji kumi. Mwisho, tisa.

Hesabu njo hii: mu zile tisa, tatu ziliingia kwa Kazadi. Sita ziliingia yeye akikaa ku benchi. Na Tubilandu naye tusimutupie mawe, juu aliingia mu nyumba yenye ilikuwa inawaka moto.

Bamoja ba bale bachezaji balisimulia kisha kama balionywa na batu ba Rais: bakishindwa na Brésil magoli ine ao zaidi, basirudi ku inchi. Tarehe 22 Juni balimurudisha Kazadi mu goli. Brésil, bingwa wa dunia, ilihitaji magoli tatu juu ya kuendelea. Ya tatu, ya Valdomiro, ilikuwa mupira wa kukamata, lakini ilipita chini ya mwili wake. Ile ilikuwa kosa yake, hatuifiche. Lakini ya ine haikuingia. Zaïre ikarudi.

Balirudi bila shangwe. Mulango wa kwenda kucheza Ulaya ulifungwa kwao, na inchi ikabasahau pole pole. Ndaye Mulamba, mwenye alifunga magoli tisa mu Kombe moja ya Afrika, alizeeka mu shida kule Afrika ya Kusini. Kazadi alikufa mu 1996, alikuwa hajafika myaka 50. Ule wakati Gécamines, yenye ilikuwa inatosha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mu myaka ya 1980, ilikuwa imelala chini. Myaka saba nyuma yake, mu 2003, batumikaji zaidi ya 10,000 balienda na feza ya mwisho mu mukono, bale tunaita ba départ volontaire. Bengi mu bale balikuwa batoto mu 1967, benye balibebwa ku mabega ya baba juu baone kombe.

Mu 2009 na 2010, Robert mwengine, Kidiaba, alilinda goli ya Mazembe, na Kombe ya Afrika ikarudi Lubumbashi nyuma ya myaka 41. Batoto ba kartiye zote balirukaruka na matako chini sawa yeye. Ni vizuri. Lakini babambie kama mbele ya ule Robert kulikuwa Robert mwengine.

Na siku mutu atataja tisa mbele yako, mujibu pole pole: ya Kazadi ilikuwa tatu. Kisha muhesabie zingine: kombe mbili na Englebert, kombe mbili na inchi, na siku 25 zenye Afrika nzima ilikuwa mu mikono ya kijana wa Lubumbashi.