Mekatilili wa Menza, Nyanya Yetu wa Bungale

Ndugu msomaji, ukipita ile bustani ya Malindi mjini yenye sanamu ya mama wa Kigiriama, hebu simama kidogo hata kama umefunga na jua ni kali. Huyo ni Mnyazi wa Menza. Jina la Mekatilili alilipata kwa mwanawe, Katilili, kama vile sisi tunavyosema mama fulani. Hakuwa Mwislamu, na hatutamsilimisha leo kwa kalamu. Lakini ni nyanya wa wengi wetu tunaosoma jarida hili, na haki yake ni kukumbukwa.

Alizaliwa karne ya 19 upande wa Ganze, binti pekee kati ya watoto watano. Kaka yake, Mwarandu, alichukuliwa na Waarabu waliofanya biashara ya watumwa, asirudi tena. Hapa tusizunguke, ndugu zangu. Mashamba ya Malindi ya zama hizo yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa wakifunga Ramadhan kama sisi. Ni chungu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi Waingereza walipokuja wakitaka kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi mbali, mama huyu, sasa mtu mzima na mjane, alijua mtoto akichukuliwa nyumba inabaki vipi. Akazunguka kijiji hadi kijiji na ngoma ya kifudu, ngoma ya matanga, watu wakikusanyika akawaeleza. Mwanamke kusimama mbele ya wazee na kunena hivyo halikuwa jambo la kila siku. Watu wakala kiapo Kaya Fungo kwamba hawatashirikiana na serikali.

Agosti 1913, huko Chakama, alikutana uso kwa uso na Arthur Champion, ofisa wa Kiingereza. Wazee wanasimulia kwamba alileta kuku na vifaranga, akamwambia yule mzungu ajaribu kuchukua kimoja. Akanyosha mkono, kuku akamdona. Maana yake kila mtu aliielewa, hata Champion.

Oktoba mwaka huo akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Mwaka 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu! Hebu chukua ramani uangalie: Kisii iko kule karibu na Ziwa Victoria, sisi tuko baharini. Wakakamatwa tena Agosti 1914, mwezi uleule Waingereza walipoilipua Kaya Fungo kwa baruti na vita vikawaka. Alirudi kwao 1919, akafariki miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, na kila Agosti watu huenda kumkumbuka.

Wakoloni walimwita mchawi. Neno hilo halijaondoka kwetu. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, mara nyingi kisa ni ardhi, na ushahidi ni mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Waliookoka, wengine wamepewa hifadhi Kaya Godoma, huko huko Ganze alikozaliwa Mekatilili. Wako waliofukuzwa na watoto wao wenyewe.