Charles Ives: mkurugenzi wa bima aliyetunga muziki usiku

Leo Marekani inamhesabu Charles Ives kati ya watunzi wake wakubwa wa muziki wa okestra. Lakini kwa zaidi ya miaka 30, waliofanya kazi naye New York walimjua kama bwana wa bima, mtu wa kwenda biro asubuhi na kurudi jioni kwa familia yake.

Alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1874 mjini Danbury, jimbo la Connecticut. Baba yake, George Ives, aliongoza fanfari ya jeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndiye aliyemfundisha muziki, tena kwa namna yake: watoto waliimba kwa ufunguo mmoja huku yeye akiwapigia kwa ufunguo mwingine, ili masikio yazoee mgongano. Akiwa na miaka 14, Charles alikuwa tayari mpiga kinanda wa kanisa.

Mwaka wa 1894, mara tu baada ya kijana kuingia chuo kikuu cha Yale, baba yake alifariki ghafla. Pigo hilo halikumtoka moyoni.

Alipomaliza masomo mwaka wa 1898, alichagua bima. Alijua kwamba muziki aliousikia kichwani usingepata wanunuzi, na hakutaka mke na watoto walale njaa kwa ajili yake. Alianza kama karani. Mwaka wa 1907 alifungua biro pamoja na rafiki yake Julian Myrick, na wakawa miongoni mwa mawakala wakubwa wa bima ya maisha nchini. Ives aliwafundisha wauzaji wake kuhesabu kwanza familia itahitaji kiasi gani ikiwa baba hayupo tena, ndipo waongee habari ya mkataba.

Mwaka wa 1908 alimwoa Harmony Twichell, muuguzi na binti wa mchungaji. Hawakujaliwa mtoto wa kuzaa. Baadaye walimpokea Edith, mtoto mdogo wa familia maskini, wakamlea kama wao.

Usiku na siku za mapumziko, Ives aliandika. Wanamuziki wengi waliona kazi zake kuwa fujo. Mwaka wa 1922 alichapisha nyimbo 114 kwa pesa zake mwenyewe na kuzigawa bure. Lakini moyo ulikuwa umeanza kumsumbua tangu 1918. Siku moja, miaka michache baada ya nyimbo hizo, alishuka ngazi nyumbani akilia, akamwambia Harmony kwamba hawezi tena kutunga. Mwaka wa 1930 alistaafu kwa sababu ya afya.

Sifa zilimfikia akiwa mzee. Simfoni yake ya tatu ilipigwa mara ya kwanza mwaka wa 1946 ikiongozwa na Lou Harrison, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Ives aligawa pesa zake. Nusu alimpa Harrison. Mwaka wa 1951 Leonard Bernstein aliongoza simfoni ya pili, zaidi ya miaka 40 tangu iandikwe. Harmony alikwenda ukumbini. Mumewe aliisikiliza kwa redio.

Ives alifariki New York tarehe 19 Mei 1954 na kuzikwa Danbury. Mwaka uliofuata, Harmony alikabidhi karatasi zake za muziki kwa chuo kikuu cha Yale.