Tom Mboya alipokuwa kijana wa kanjo

Ukipiga kelele ya kanjo katikati ya jiji la Nairobi, kila mtu anajua la kufanya. Mama wa mboga anakunja gunia lake, muuza soksi anavuka barabara mbio, na wewe uliyekuwa ukivutana naye bei unabaki umesimama na pesa mkononi. Sasa hebu fikiria hili: Tom Mboya, yule ambaye umeshuka matatu kwenye barabara yake mara mia, aliwahi kuwa mtu wa kanjo. Si askari wa kukimbiza wachuuzi, la. Alikuwa bwana afya, kijana wa miaka 20 hivi, kazi yake ni kukagua usafi wa mikahawa na maduka na kupima maziwa yanayouzwa jijini. Ukitaka kujua alitoa wapi ule moto wake wote wa baadaye, anza hapo, kwenye ile ajira ya serikali ya jiji.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la Mzungu. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara hapo. Kwao asili ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini kijana alikulia kati ya Wakamba na Wakikuyu, akajua lugha zao kama mtoto yeyote wa mtaani ajuavyo lugha za jirani. Alisoma Kabaa, kisha Yala, halafu Mang'u. Kichwa alikuwa nacho. Karo ndiyo haikuwapo. Badala ya kuendelea juu, mwaka 1948 alienda Jeanes School, Kabete, kusomea kazi ya bwana afya, kwa sababu mafunzo hayo hayakumgharimu baba yake.

Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Jiji lenyewe lilikuwa jipya. Hadhi hiyo lilipewa mwaka 1950. Na ndani ya ofisi zake kulikuwa na ngazi ambayo hakuna aliyejisumbua kuificha. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mkaguzi wa Kizungu na mkaguzi Mwafrika walitembea mitaa ile ile, wakapima maziwa yale yale, lakini mwisho wa mwezi Mwafrika alitia mfukoni sehemu ndogo tu ya alichopata mwenzake.

Usidhani huo ulikuwa uchoyo wa mdosi mmoja. Ilikuwa sera, imeandikwa. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali Afrika Mashariki miaka ya 1947 na 1948, ilibariki hesabu kwamba mtu asiye Mzungu, hata akiwa na masomo sawa na kazi sawa, alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Yaani ukichukua kazi ya shilingi mia, rangi ya ngozi yako inakula shilingi arobaini kabla hujaona kitu. Na hapo ni kama umebahatika kufikishwa kwenye cheo hicho, maana Waafrika wengi waliwekwa kwenye vyeo vya chini kabisa ambavyo Mzungu hakuwahi kuajiriwa.

Kuna kisa kimoja ambacho Mboya mwenyewe alikisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1963. Alikuwa peke yake kwenye maabara ya baraza, akipima maziwa. Akaingia mama mmoja wa Kizungu na chupa ya sampuli. Mboya akamsalimu kwa adabu. Yule mama akatazama huku na huku, kisha akauliza kama humo ndani kuna mtu. Ebu wazia: umesimama mbele ya mtu, umemwamkia, naye anauliza kama kuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Mama alitoka kwa hasira kwenda kumshtaki kwa wakubwa. Kisa hiki watu hukisimulia kwa kicheko, na kweli kinachekesha, lakini mimi hunikaa kooni. Yule mama hakuwa akitukana. Kwake kweli hapakuwa na mtu. Sera ya mishahara ilikuwa imemfunza hivyo.

Hata huko nje kwenye biashara, kulikuwa na Wazungu waliomfukuza mlangoni wakitaka waletewe mkaguzi wa rangi yao. Cheti alikuwa nacho, sheria ilikuwa upande wake, na bado alisimamishwa kizingitini.

Wengi wangenuna, wakanung'unika kwenye chai, basi. Mboya alifanya jambo ambalo halina mbwembwe: aliingia kwenye chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, kilichokuwa zaidi cha kupeleka maombi kwa upole, akakigeuza kuwa chama cha wafanyakazi hasa, chenye wanachama waliosajiliwa na madai yaliyoandikwa. Ndicho kilichokuja kuitwa Kenya Local Government Workers Union. Alipita kwa wafagiaji, makarani, wakaguzi wenzake, akiwaandikisha mmoja mmoja. Akili yake ilikuwa hapa: mtu mmoja akilalamika anaitwa mkorofi, lakini mji mzima ukikosa wa kuzoa taka, mkubwa ataitisha mkutano mwenyewe.

Kumbuka ni wakati gani huo. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa, na mwaka uliofuata chama cha KAU kikapigwa marufuku. Kukusanya Waafrika kumi chumbani kulitosha kukutia mashakani. Vyama vya wafanyakazi vikawa karibu njia pekee iliyobaki ya Mwafrika kusema kwa sauti bila kuingia msituni. Mwaka 1953 Mboya akaachana na baraza, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo nchi nzima. Alikuwa na miaka 23. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, ni yeye aliyeenda kusimama kati yao na waajiri, na mwishowe walipata nyongeza ya mshahara.

Wakati huo huo, kile kipimo cha rangi kilianza kuyumba. Tume nyingine, ya Lidbury, ilipendekeza mwaka 1954 kwamba mishahara ya serikali isipangwe tena kwa rangi. Safi, sivyo? Ngoja kwanza. Walioajiriwa kutoka ng'ambo walitengewa marupurupu ya ziada ya kuwavutia kuja. Kwa hiyo kwenye karatasi wote mlikuwa sawa, lakini bahasha ya Mzungu bado ilikuwa nene.

Kisha kulikuwa na kisingizio cha masomo. Kila Mwafrika alipodai cheo kikubwa serikalini, jibu lilikuwa kwamba hakuna waliohitimu. Mboya, ambaye kufikia 1957 alikuwa amechaguliwa mbunge wa Nairobi katika baraza la kutunga sheria, hakupoteza muda kubishana na jibu hilo. Alikwenda Marekani kutafuta nafasi za vyuo na pesa za nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na Wangari Maathai akawa kati ya waliopanda. Waliporudi, wengi waliingia moja kwa moja kwenye ofisi ambazo zilikuwa zikisema hazijaona Mwafrika wa kuajiri.

Akawa Waziri wa Leba mwaka 1962, na mwaka huo huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakatia saini mkataba wa namna ya kusuluhisha migogoro kazini. Baadaye akashika wizara ya Sheria, halafu ya Mipango ya Uchumi.

Lakini tusimpake asali. Kama waziri, Mboya ndiye aliyesukuma ile Sessional Paper Nambari 10 ya 1965, iliyosema kwamba pesa za maendeleo zielekezwe kwanza pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Uliza mtu wa Wajir au Turkana hesabu hiyo iliwaachia nini. Shule chache, wahitimu wachache, halafu nafasi za serikali zikitangazwa wanaambiwa hawana watu waliohitimu. Ni kile kisingizio alichokivunja yeye mwenyewe, kikirudi kwa mlango wa nyuma. Na ngazi ya rangi ilipoondolewa maofisini, watu walianza kupandia ngazi nyingine: jina lako la mwisho.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa, Government Road, barabara tunayoiita Moi Avenue leo. Alikuwa na miaka 38. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa na kunyongwa. Maswali kuhusu aliyemtuma hayajaisha hadi leo. Kijana aliyekulia katikati ya makabila matatu akazikwa Rusinga huku nchi ikipasuka kwa makabila.

Ilichukua umwagaji damu wa 2007 na 2008 ndipo Bunge likaandika wazi katika sheria ya utangamano ya 2008 kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Katiba ya 2010 ikaongeza jinsia na walemavu. Kaunti nazo ziliambiwa kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la hapo. Wewe na mimi tunajua ofisi ambapo hayo hayajafika.

Hivyo kama barua yako ya kazi imerudishwa na unashuku ni kwa sababu ya jina, jinsia au ulemavu, soma Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 5. Inamtaka mwajiri alipe mshahara sawa kwa kazi ya thamani sawa, yaani lile dai la wafanyakazi wa kanjo miaka ya hamsini, sasa liko kwenye kitabu cha sheria. Na kuna jambo lingine humo ambalo vijana wengi hawalijui: ukimshtaki mwajiri kwa ubaguzi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua.